Mchango Ulioandikwa kwa Jina Langu

Nina cheti ambacho nikikiona nakigeuza kifudifudi. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu, kina muhuri, na kinasema kwamba mimi ni mtunzaji wa programu huria iliyotengenezwa Mwanza kwa ajili ya watu wa ziwani. Nilikichapa mwenyewe, kwenye mashine ya kazini kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napata karatasi ngumu kwa urahisi. Na cha Mwalimu nilikichapa mimi. Nitafika huko.

Nafanya kazi kwenye steshenari moja hapa Nyamagana. Kutoa kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kumpangia mtu wasifu wake aliouandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Kuandika programu nilijifunzia humo humo dukani, wateja wakipungua. Baadaye tukajikuta watu kama kumi, wengi mafundi simu na wanafunzi wa vyuo, tunakutana kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha duka, kile cha kuwekea katoni za karatasi. Tulikuwa tunatengeneza kitu kimoja tu: programu inayotuma meseji asubuhi kwa wanaoanika dagaa. Leo jua, anika. Leo mvua inakuja, anua mapema. Ilikuwa programu huria, maana yake kila mtu anaweza kuona ilivyoandikwa, akaichukua bure, akapendekeza mabadiliko. Lakini pendekezo haliingii mpaka mtunzaji alikubali. Mtunzaji ndiye mwenye ufunguo, wengine wote wanabisha hodi.

Mwanzoni ilikuwa ovyo kabisa. Ilichukua utabiri kutoka mtandao mmoja wa ng'ambo ambao ulijua ziwa letu lipo, basi, na hapo ndipo ujuzi wake ulipoishia. Ilisema jua, mvua ikamwagika. Asiyewajua dagaa anaweza kucheka. Dagaa wakiloa kwenye kichanja kabla hawajakauka, kwisha habari. Wanalainika, wanatoa maji, nzi wanajaa, na harufu yake inaingia kwenye nguo unaifua wiki nzima. Kinachobaki ni chakula cha kuku.

Mwalimu alikuja dukani siku moja kutoa kopi ya daftari. Alikuwa mstaafu, amefundisha hisabati shule za msingi huko Magu miaka mingi, kisha akahamia nyumbani kwa mumewe upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba, anaanika dagaa kama kina mama wengine wa pale. Nilipofungua daftari kulilaza kwenye mashine nikakuta kurasa zimepigwa mistari kwa rula, peni nyekundu na ya buluu. Tarehe. Wingu limetokea upande gani, saa ngapi. Upepo umegeuka saa ngapi. Imenyesha, haikunyesha. Vuli na masika, mwaka wa kwanza na wa pili, hakuna siku iliyorukwa.

"Shikamoo mama," nikasema. "Hili daftari ni la nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni la mwongo mmoja ananitumia meseji kila asubuhi. Nataka siku nikimpata nimwonyeshe."

Kumbe mwongo mwenyewe ni mimi. Nikamwambia, kwa aibu, akacheka mpaka akashika kaunta. Jumamosi iliyofuata akavuka na feri, akakaa na sisi kwenye katoni za karatasi.

Wiki za kwanza alikuwa anasoma, mimi nachapa. Wiki ya nne akachoka na vidole vyangu. "Sogea huko," akasema, na sikukaa tena kwenye kile kiti Jumamosi mpaka mwisho. Alikuwa na namna ya kuuliza swali dogo, kusubiri, kisha kuliuliza tena kwa njia nyingine, mpaka wewe unayejifanya fundi unagundua kwamba hujui unachosema. Miezi michache baadaye sehemu yote ya mvua ndani ya ile programu ilikuwa kazi ya mkono wake. Wingu likitokea nyuma ya vilima vya Sengerema kabla ya saa nne na upepo ukasimama, anua. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kanuni zake, na zilikuwepo nyingi. Uongo ukapungua, halafu ukaisha. Na juma zima, akiwa kwake, yeye ndiye aliyekuwa anawajibu watumiaji, mmoja mmoja, kwa simu yake. Kama meseji haijafika, wanampigia Mwalimu. Kama haieleweki, wanampigia Mwalimu.

Sasa hapa ndipo palipo na uchafu wenyewe. Ili kazi yako iandikwe kwa jina lako unahitaji akaunti. Tulijaribu kumfungulia. Ule mtandao ukataka namba ya kuthibitisha, namba ikaenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa zamani na mtu wa ofisi ya elimu, na nywila yake hakuna aliyekuwa anaikumbuka. Nikamwambia, "Mwalimu, tumia ya kwangu tu, yako tutaishughulikia wiki ijayo." Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mtu anaazima laini, anaazima meza ya kuuzia, anaazima hata kadi ya kliniki. Chumba kile kilikuwa na kompyuta mbili nzima, na aliyekaa alifanya kazi kwa akaunti aliyoikuta wazi. Nani angeuliza? Ni sisi kwa sisi.

Wiki ijayo haikufika. Kila alichoandika yule mama kiliandikwa kwamba nimeandika mimi. Na mimi nilijua, sikuwa mtoto. Kwenye ukurasa wangu kuna vile vijiraba vya kijani vinavyoonyesha siku ulizofanya kazi, na kila Jumamosi vilikolea. Nilikuwa navifungua kwenye simu, kwenye foleni ya benki, najitazama. Nasema wazi: nilikuwa nafurahi.

Tulikuwa pia na mwenyekiti. Sikumbuki siku aliyochaguliwa, nadhani alianza tu kukaa mbele. Kijana wa ofisini, manukato, Kiswahili cha kwenye majukwaa: "ndugu wajumbe", "kwa muktadha huo", "niseme tu kwamba". Kuandika programu alijua kidogo. Alichokijua sana ni hesabu ya michango. Alikuwa anaingia kwenye maandishi ya wenzake, anaondoa nafasi moja iliyozidi, anatuma, mchango mmoja. Anaongeza nukta, anatuma, mchango wa pili. Kesho yake anaitoa ile nukta. Siku moja niliketi nikafuatilia kazi yake ya mwezi mzima, na hapakuwa na kitu humo ambacho mwanika dagaa angekiona kimebadilika. Nikasonya, nikafunga. Sikumwambia mtu.

Basi ikaja barua kutoka kwa wazee wa mradi, wale walio nje ya nchi wanaosimamia programu zote za namna hii, ambao mpaka hapo ndio walioshika ufunguo. Kila tawi lichague watunzaji wawili kufuatana na michango, na kila badiliko likubaliwe na wote wawili. Barua ilikuwa ndefu. Ilisema mchango ni pamoja na kufundisha, kujibu maswali, kujaribu kitu kabla hakijatoka, kukusanya taarifa. Najua kwa sababu niliichapa. Mwenyekiti alitusomea aya moja tu, ile inayosema rekodi za mtandaoni zitazingatiwa. Na mimi niliyekuwa nayo nzima mkononi nilijifanya natafuta stepla.

Jumamosi hiyo nilimsindikiza Mwalimu mpaka kwenye feri. Njiani akasimama, akaweka mfuko wake chini.

"Mimi sina haja na cheo," akasema. "Nina haja na kitu kimoja. Badiliko lolote la mvua lisiingie kabla sijaliona. Wale kina mama kule hawaijui programu, wananijua mimi. Wanaanua kwa neno langu."

"Naelewa, Mwalimu."

"Kwenye ile rekodi mimi sipo. Wewe ndiye unayejua kazi ile ni ya nani. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Mbele yao, mwanangu. Usiwaambie pembeni."

"Nitasema mbele yao."

Akaniamini. Akapanda feri na daftari lake kwapani, hata hakugeuka kunitazama, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Shughuli yenyewe tuliifanya kwenye ukumbi wa kukodi hapa mjini. Viti vimevishwa vitambaa, maji ya chupa, keki. Watu wa kuanika dagaa hawakualikwa, walialikwa watu wa kupiga nao picha. Mwenyekiti akawasha projekta na ukutani yakatokea majina yetu, kila jina na mstari wake. Mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko yote, ulikaribia kufika kwenye swichi ya taa. Uliofuata ulikuwa wake mwenyekiti, mwenye nukta. Halafu wengine, vipande vipande. Mwalimu hakuwa na mstari. Hata jina halikuwepo.

Fundi simu mmoja, kijana mpole, akainua mkono. "Samahani, mwenyekiti. Mbona Mwalimu simwoni hapo?"

"Swali zuri," mwenyekiti akasema, na nikajua alikuwa na jibu tangu nyumbani. "Niseme tu kwamba Mama yetu tumemfikiria kwa namna ya pekee. Mama si mtu wa kuhesabiwa na mashine. Mama ni mlezi wetu."

Vigelegele. Akaitwa mbele. Wakamvisha kitenge mabegani, wakamkabidhi cheti, kile nilichokichapa mimi asubuhi ile ile na kusema moyoni kwamba si kibaya, angalau wamemkumbuka. Kilisomeka: Mama Mlezi wa Jumuiya, kwa upendo na msaada wake. Na majukumu ya mlezi yakatangazwa palepale. Kutushauri kwa busara. Kutuombea. Kusimamia chakula siku za mikutano. Mwanamke aliyeiandika mvua yote iliyomo ndani ya kile kitu alipewa kusimamia chakula, tena watu wakasimama kumpigia makofi. Nimeona makorongo pale dampo wakinyang'anyana utumbo wa samaki, na niliona heri wao, hawavishani kitenge.

Nakasirika sasa, mnaona. Siku ile sikukasirika. Siku ile niliitwa mimi.

"Mtunzaji wetu wa kwanza," mwenyekiti akasema, "na niseme tu, mwanamke wa kwanza kushika ufunguo huu katika kanda yetu." Makofi zaidi. Nikapewa maiki. Mwalimu alikuwa amekaa safu ya mbele na kitenge chake begani, ananitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anasubiri.

Maneno nilikuwa nayo. Nusu ya mstari ule ni wake, na nusu iliyobaki haina maana bila ile. Sentensi moja. Lakini kulikuwa na kamera, na wasichana wawili wa chuo kwenye safu ya tatu walikuwa wananitazama kwa macho yanayong'aa, na ule mstari ukutani ulikuwa mzuri jamani, ulikuwa mrefu. Nikasema, "Nashukuru sana. Na nisingefika hapa bila msaada wa Mwalimu."

Msaada. Neno lile lilinitoka laini kabisa. Watu wakasema "aaah" kwa huruma, eti nimekuwa mnyenyekevu. Mwalimu akainamisha kichwa, akaanza kukikunja kile kitenge, taratibu, mara mbili, mara nne, akakiweka kwenye mfuko. Hakusubiri keki. Mwenyekiti mwenyewe akatangazwa kuwa mtunzaji wa pili, na tukapiga picha sisi wawili tumeshika ufunguo wa maboksi uliopakwa rangi ya fedha.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikampigia.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Kazi njema."

Angenitukana ningelala. Kile kiti cha kompyuta kikabaki wazi, halafu mwenyekiti akakikalia.

Hazikupita wiki nyingi. Siku moja niko dukani, natia laminesheni kitambulisho cha mtu mwenye haraka, simu ikaita kengele ya mradi. Badiliko linaomba kukubaliwa. Mwombaji: mwenyekiti. Maelezo: usafi wa jumla. Nikakumbuka nukta zake. Nikasema ndani ya moyo, ni upuuzi wake ule ule, nikabonyeza kukubali kwa kidole gumba huku mkono wa pili umeshika plastiki ya moto. Ndivyo nilivyoutumia ule ufunguo. Sikusoma hata mstari mmoja.

Siku mbili baadaye niliamka nikapokea meseji ya programu yetu kama kila mtu: leo jua, anika. Kabla ya saa nne nikatoka nje ya duka kumwaga maji ya ndoo. Ng'ambo ya ghuba, nyuma ya vilima vya Sengerema, kulikuwa na wingu zito limekaa, na upepo ulikuwa umesimama kabisa, hata vipeperushi vya mlangoni vimetulia. Kanuni ile naijua kama jina langu. Nikarudi ndani mbio, nikafungua sehemu ya mvua.

Kanuni haikuwepo. Hiyo, na zote za Mwalimu. Mwenyekiti alikuwa amezifuta kwa sababu, aliandika, zilikuwa za kienyeji na hazina chanzo kinachotambulika, akarudisha ule utabiri wa ng'ambo. Chini yake limeandikwa jina la aliyekubali. Langu. Nikampigia Mwalimu, simu haikupatikana; kumbe siku hiyo alikuwa safarini Magu. Kufika saa saba mvua ilikuwa inapiga bati la duka mpaka hatusikiani na wateja.

Jioni ile nilikaa kwenye kompyuta nikamfungulia akaunti. Barua pepe mpya, namba ya kuthibitisha, jina lake kamili. Ilinichukua dakika kumi. Ile wiki ijayo ya siku zote ilikuwa dakika kumi. Nikaandika jina la akaunti na nywila kwenye karatasi, nikaikunja.

Asubuhi nikavuka. Harufu ilitupokea kabla feri haijafunga kamba. Kule mwaloni, wanakopakua na kuanika, vichanja vyote vilikuwa vimelala kijivu, dagaa wamegeuka uji, nzi wamesimama juu yake hata ukipunga mkono hawaondoki. Kina mama walikuwa wanakomba kwa mikono na kutia kwenye mabeseni. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Mmoja alikuwa anakomba huku anafuta macho kwa bega, maana mikono haifai.

Mwalimu alikuwa katikati yao, miguu peku, gauni limefungwa kiunoni. Nikasimama nyuma yake na viatu vyangu vya mjini. Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja mnene akanyooka.

"Mwalimu," akasema, bila ukali, kwa uchovu tu. "Programu yako imetumaliza."

"Programu yake mwenyewe," mwingine akaongezea. "Si ndiyo hiyo ametuandikia?"

Ukumbi mzima wa watu wenye rekodi haukujua mwenye kazi, na ufukwe mzima ulijua. Nilingoja Mwalimu aseme kwamba walizifuta kanuni zake, kwamba haitwi huko tena, kwamba mwenye ufunguo ndiye huyu hapa nyuma yake amevaa viatu. Alikuwa na haki ya kusema.

"Ni kweli, ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia muiamini. Nisameheni."

Wakarudi kukomba. Ilikuwa zamu yangu kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na kamera wala makofi, palikuwa na kina mama kumi na wawili hivi na dagaa waliooza. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeikamata ile karatasi.

Yule mnene akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Na huyu dada ni nani?"

Mwalimu akageuka. Akanitazama kwa muda, kama pale ukumbini, akiniachia nafasi. Nafasi ilikuwa ndefu, na mimi nikaimaliza yote kwa kusimama.

"Huyu," akasema, akiokota beseni tupu na kunikabidhi, "amekuja kunisaidia."